Tufute PAYE na VAT tubaki na asilimia moja ya muamala? Ngoja kwanza tupige hesabu

Kila ikifika Juni, bajeti ikishasomwa pale Dodoma, hoja hii inarudi na kila mwaka inapata wafuasi wengi zaidi: futeni PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, futeni VAT, ile ya ongezeko la thamani iliyomo ndani ya bei, futeni makadirio ya wafanyabiashara na mengine yote, halafu kateni asilimia moja tu ya kila hela inayopita kwenye simu na benki, basi, imeisha, kila mtu atalipa na hakuna pa kukwepea. Nimeisikia kwa watu wenye digrii za uchumi, nimeisikia kijiweni kwa bodaboda. Nianze kwa kusema wazi kwamba hasira iliyoizaa hii hoja naielewa na ni ya haki kabisa. Ila suluhisho lenyewe litawaumiza walewale linaodai kuwaokoa.

Tuanze na hasira yenyewe. Chukua mhasibu wa kampuni binafsi hapa Dar, mshahara 1,000,000 kwa mwezi. Mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unatoka 100,000, inayobaki 900,000 ndiyo inapigwa PAYE: 270,000 ya kwanza haiguswi, inayofuata inakatwa 8%, halafu 20%, halafu 25%, jumla inakuwa 103,000. Anashika mkononi 797,000. Sasa akienda dukani akatumia tuseme 300,000 kwenye vitu vyenye VAT ya 18%, kodi iliyojificha humo ndani ni kama 45,700 hivi. Hapo hujagusa makato ya kutoa hela kwa wakala, hujagusa tozo za mafuta ambazo zimo ndani ya nauli ya daladala. Huyo mtu kashalipa kama 149,000 kwenye milioni moja yake, na hajaulizwa chochote, imekatwa kabla hajaiona.

Mtaani kwake kuna mwenye nyumba ana vyumba 12, kila chumba 80,000, hiyo ni 960,000 kwa mwezi, keshi, hakuna risiti, hakuna mkataba wa maana. Kisheria naye anatakiwa alipe kodi ya mapato kama mwenzake. Nani anamfuata? Kwa hiyo mhasibu akisema jamani wekeni kodi ambayo na yule itamgusa, anaongea kitu cha msingi na si mvivu wa kulipa kodi.

Sasa, hatuanzi leo kubadilisha kodi moja kwa nyingine, tumefanya sana. Wajerumani walileta kodi ya nyumba mwaka 1897, na walichotaka hakikuwa hela peke yake, walitaka mtu alazimike kwenda kufanya kazi kwenye mashamba yao ndio apate hizo rupia za kulipia. Waingereza wakaendeleza, baadaye ikawa kodi ya kichwa, mwanaume mzima analipa kwa sababu tu yupo hai. Uhuru ukaja, na mwaka 1969 serikali ya Mwalimu ikaifuta kodi ile, iliyokuwa inakusanywa na serikali za mitaa, na mwaka huohuo ikaleta kodi ya mauzo. Yaani mkulima hafukuzwi tena, ila akinunua kitu cha kiwandani kodi imo ndani ya bei, anailipa bila kujua kama analipa. Wakenya nao walipita njia hiyohiyo, kodi yao ya mauzo iliingia 1973 wakati ile ya kichwa ikiwa inaondoka.

Miaka ya 1980 halmashauri zetu ziliporudishwa zikahitaji hela, na kodi ya kichwa ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo. Wazee wanaikumbuka vizuri, mgambo alfajiri, wanaume wanalala porini, vizuizi njiani unaulizwa risiti. Ikafutwa 2003, na Uganda ya kwao wakaisimamisha 2005. Na kufutwa kwake kulikuwa sawasawa, sina tone la shaka, kodi inayomtoza kibarua kiwango kilekile na mwenye ng'ombe hamsini haina utetezi. Lakini angalia kilichofuata: halmashauri zilipoteza mapato yao, serikali kuu ikabidi izifidie kwa ruzuku, na ruzuku inatoka wapi? Inatoka kwenye VAT, PAYE na ushuru wa forodha. Kwa hiyo kodi ilifutwa kwa jina lakini mzigo wake haukuyeyuka, ulihama kutoka kwa huyu ukaenda kwa yule. Hapo ndipo nataka mjadala wetu wote ukae. Mtu akikwambia futa kodi fulani, swali la kwanza liwe inahamia kwa nani, maana watumishi bado watalipwa, madeni bado yatalipwa, na dawa za hospitali hazitanunuliwa kwa maombi.

Tuje kwenye asilimia moja.

Kodi ya mauzo tuliyokuwa nayo tangu 1969 tuliiacha Julai 1998 tukaingia VAT, iliyoanza na 20% na kushushwa hadi 18% mwaka 2009. Kwa nini tuliiacha? Kubwa lilikuwa hili la kodi juu ya kodi. Kiwanda kinanunua malighafi yenye kodi, kinauza bidhaa kwa bei ambayo ile kodi imo ndani, halafu kodi nyingine inapigwa juu yake, na kila mkono inapopitia inaongezeka. VAT ilikuja kutibu hilo, kwamba kila mmoja alipie kile kipande cha thamani alichoongeza yeye, kodi aliyolipa wakati wa kununua anaitoa kwenye ile anayotakiwa kupeleka. Asilimia moja kwenye kila muamala inaturudisha kulekule tulikotoka, tena kubaya zaidi kwa sababu hii inakata kila mahali, hata pale ambapo hakuna kilichouzwa, mzazi akimtumia mtoto hela ya matumizi chuoni inakatwa, ukilipa deni la kikoba inakatwa, ukihamisha hela yako kutoka benki kwenda kwenye simu yako mwenyewe inakatwa.

Tuseme gunia la mahindi linatoka kwa mkulima Songea kwa 60,000, dalali wa kijijini analiuza 68,000, mwenye lori na ghala analiuza 80,000, wa jumla Dar analiuza 95,000, duka la mtaani linamaliza na 110,000. Hizi bei natungia mfano tu, wewe weka za kwako. Asilimia moja kila mkono: 600, 680, 800, 950, 1,100. Jumla 4,130. Yaani ile asilimia moja ikifika kwa mlaji ishakuwa karibu asilimia nne, na sijaweka nauli, mafuta, vibarua wa kupakia na kushusha ambao nao wamelipwa kwa simu. Sasa chukua kampuni kubwa moja yenye shamba lake, malori yake, ghala lake na maduka yake mwenyewe. Gunia lilelile linauzwa mara moja tu, kwa mlaji wa mwisho. Kodi ni 1,100. Yule mkubwa kalipa kama robo ya walichokatwa wadogo kwenye mnyororo wao, kwa sababu tu mikono yote ni ya kwake. Kodi hii inawaambia wafanyabiashara wadogo wote kati ya Songea na Dar kwamba hawatakiwi, na hakuna mbunge atakayekuwa amepiga kura ya kuwaondoa.

Halafu kuna suala la faida. Watu wanasema asilimia moja ni ndogo, nani atashindwa? Mwenye duka la jumla la sukari, tuseme anauza mfuko 130,000 na faida yake kwenye mfuko ni 1,500, kwa sababu biashara ya sukari ndivyo ilivyo, unauza mingi kwa faida nyembamba. Asilimia moja ya 130,000 ni 1,300. Umemwachia 200. Mwanasheria wa mjini akilipwa 130,000 kwa ushauri wa nusu saa naye anakatwa 1,300, na gharama zake kwenye hiyo nusu saa ni kikombe cha chai. Kiwango ni kilekile kwenye karatasi, lakini mmoja kalipa karibu faida yake yote na mwingine kalipa asilimia moja na ushee. Ugonjwa huu tayari tunao kwa kiasi, kodi ya wafanyabiashara wadogo inaangalia mauzo haiangalii faida, na Kenya nao tangu 2023 mwenye mauzo ya kati ya milioni moja na milioni 25 kwa mwaka anapigwa 3% ya mauzo hata kama mwaka mzima kaishia hasara. Kelele za watu hao tunazisikia kila siku. Leo tunataka kuueneza kwa nchi nzima.

Na hesabu ya serikali yenyewe haifungi. Makusanyo ya kodi Tanzania yanazunguka kwenye asilimia 12 au 13 ya pato la taifa. Ukitaka asilimia moja ilete kiasi hichohicho, miamala inayokatwa lazima iwe na thamani ya mara kumi na mbili au zaidi ya pato lote la taifa kila mwaka, na ibaki hivyohivyo baada ya watu kujua kwamba inakatwa. Watetezi wanachukua hela yote inayozunguka leo, wanazidisha kwa 0.01, wanashangilia. Lakini hela inazunguka kwa wingi kiasi hicho kwa sababu leo kuizungusha ni rahisi. Ukianza kuikata kila inapopita, inaacha kupita.

Hilo tumeliona kwa macho yetu. Julai 2021 ilikuja tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi unachotuma au kutoa. Nia iliyotajwa ilikuwa nzuri, barabara za vijijini, madarasa, vituo vya afya. Watu walifanya nini? Wakarudi kubeba keshi. Hela ya ada inawekwa kwenye bahasha inapewa kondakta wa basi. Mawakala waliokuwa wanaishi kwa kamisheni wakakaa na vibanda vitupu. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa 30%, dari ikawa 7,000, mwaka uliofuata ikashushwa tena hadi 4,000. Uganda walitangulia Julai 2018 na asilimia moja kamili, hiihii tunayoililia, kwenye kuweka, kutuma na kutoa, na kabla mwaka haujaisha wakaipunguza hadi nusu asilimia na ikabaki kwenye kutoa tu. Ghana waliingia Mei 2022 na asilimia moja na nusu, mwaka uliofuata wakashuka hadi moja, makusanyo yakawa mbali sana na waliyotarajia, na 2025 wakaifuta. Nchi tatu za Afrika, serikali tofauti, watu tofauti, na matokeo yanafanana kiasi hiki, halafu kuna mtu bado anasema tujaribu.

Wanaojua zaidi watasema mbona Brazili iliwezekana. Ni kweli, Brazili walikuwa nayo kuanzia 1997 hadi 2007, na kwa muda mrefu kiwango kilikuwa 0.38%, na ilileta hela nyingi. Lakini Brazili haikufuta kodi ya mapato wala kodi za mauzo ili kuiweka ile, ilikuwa ya kuongezea juu ya zingine, na mwishowe Seneti yao ikakataa kuiongezea muda. Hakuna nchi iliyofuta kodi zake zote ikaishi kwa kodi ya miamala peke yake, hata moja.

Kuna hoja nyingine inatoka kwa ndugu zetu wa Muscat, Dubai na Houston, kwamba mbona huku hatukatwi mshahara na nchi inakwenda. Kwa heshima zote, Ghuba walikuwa wanaendeshwa na mafuta, na mafuta yalipoanza kuyumba wakaanza kutafuta kodi kama sisi. Emirati na Saudia waliingiza VAT ya 5% mwaka 2018, Saudia wakaipandisha hadi 15% mwaka 2020, Emirati wakaongeza kodi ya makampuni ya 9% mwaka 2023. Oman VAT iliingia Aprili 2021, na Juni 2025 ikatoka Amri ya Kifalme kwamba kuanzia 2028 kutakuwa na kodi ya mapato ya mtu binafsi, 5%, kwa anayepata zaidi ya riyali 42,000 kwa mwaka. Hebu litazame hilo vizuri. Nchi yenye mafuta, ilipolazimika kuchagua, ilianza na VAT inayomgusa kila mtu, halafu ikaona lazima na wenye vipato vikubwa wachangie, na mstari wameuweka juu kiasi kwamba mfanyakazi wa kawaida hataguswa. Na wa Houston wanajua wenyewe, serikali kuu ya Marekani inaukata mshahara, jimbo la Texas ndilo halikati, lakini mwenye nyumba analipa kodi ya jengo na ardhi inayomnyima usingizi, na dukani mauzo yanakatwa hadi 8.25%.

Hiyo ya Texas ndiyo inanipeleka kwenye ninachokitaka mimi.

Tukitaka kweli kumpunguzia mhasibu wetu, mahali pa kuhamishia mzigo pako wazi na hatupagusi: ardhi na majengo ya thamani. Nyumba haikimbii, haigeuzwi keshi ikafichwa kwenye bahasha, haihamishiwi Dubai kwa kubonyeza kitufe. Na sisi tumefanya nini na kodi hiyo? Tangu 2021 tunaikata kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, sasa ni 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka, na ghorofa mijini ni 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu. Thamani haiulizwi. Nyumba isiyo ya ghorofa kule Masaki kwa matajiri wa Dar, yenye uwanja, bustani na bwawa la kuogelea, ambayo kodi yake ya pango kwa mwezi mmoja inazidi mshahara wa mwalimu wa mwaka, inalipa 18,000. Nyumba ya Mbagala ya tofali za kuchoma yenye mabati yanayovuja inalipa 18,000. Hii ni kodi ya kichwa imerudi, safari hii imehamia kwenye paa.

Na ubaya umezidi hapo. Anayenunua umeme ni nani? Mpangaji. Kwa hiyo kodi ya jengo la mwenye nyumba inalipwa na mtu asiyemiliki hata tofali moja, na maelezo aliyopewa ni kwamba akaelewane na mwenye nyumba wake. Ukiwa umepanga chumba kimoja Mbagala unakwenda kuelewana nini na mtu anayeweza kukwambia kesho uhame? Yule bwana wa vyumba 12, mwenye 960,000 kwa mwezi, kodi yake ya mapato hailipi, na kodi ya jengo analipiwa na wapangaji wake. Serikali ilichagua LUKU kwa sababu ni rahisi kukusanya, na nakubali ni rahisi, ila urahisi wa kukusanya ndio uliotuletea kodi ya nyumba ya Mjerumani, ukatuletea ya kichwa, ukatuletea tozo ya simu, na kila mara aliyebanwa ni asiye na mlango wa nyuma.

Kuthamini majengo ni kazi, hilo silipuuzi, inahitaji wathamini, ramani na hati, na inahitaji wanasiasa wenye ujasiri maana wenye nyumba za Masaki na Oysterbay ndio haohao wanaokaa kwenye meza za maamuzi. Lakini leo kuna picha za satelaiti, kuna anwani za makazi tulizobandika nchi nzima, na si lazima kuanza na kila kibanda. Anza na Dar, Arusha, Mwanza na Dodoma, anza na majengo makubwa na viwanja vilivyofugwa majani miaka kumi mtu akisubiri bei ipande.

VAT ibaki, ila ifanye kazi kama ilivyokusudiwa. Kariakoo walifunga maduka Mei 2023, wakafunga tena Juni 2024, na kilio kilikuwa kamatakamata, usumbufu na utitiri wa kodi. Mfanyabiashara akilipa VAT wakati wa kununua na asipopata njia ya kuitoa au kurudishiwa, VAT inageuka kuwa kodi ileile ya mauzo tuliyoiacha 1998, na hapo ndipo mtu anaona bora asilimia moja. Na vyakula visiguswe. Kenya walijaribu kuweka VAT ya 16% kwenye mkate katika muswada wa fedha wa 2024, pamoja na mengine, na sote tunajua kilichotokea Nairobi tarehe 25 Juni, vijana waliuawa barabarani, kesho yake rais akatangaza hausaini.

PAYE nayo ibaki, ila mstari wa kuanzia usogezwe juu. Hiyo 270,000 iliwekwa 2020. Kima cha chini serikalini tangu Julai 2025 ni 500,000, maana yake hata mtumishi wa chini kabisa nchi hii anakatwa kodi ya mapato, wakati Oman wameona riyali 42,000 ndiyo pa kuanzia. Hatuwezi kuwa Oman, lakini kima cha chini kisikatwe hata senti, hilo tunaliweza, na pengo lake lijazwe na majengo niliyoyataja.

Rais aliunda Tume ya Maboresho ya Kodi mwaka 2024 chini ya Balozi Ombeni Sefue, na watu wengi walikwenda kutoa maoni. Bunge likikaa na mapendekezo yake nataka wabunge wayapime mstari kwa mstari kwa kuuliza nani atalipa pungufu na nani atalipa zaidi, kwa shilingi, siyo kwa maneno ya kuboresha mazingira ya biashara. Na kuna moja halihitaji satelaiti wala mthamini wala tume: hiyo 18,000 itoke kwenye LUKU ya mpangaji, iandikwe kwa jina la mwenye nyumba na namba yake ya mlipakodi, kuanzia bajeti ijayo.